Beseni la Koti Jeupe

Kila Jumamosi asubuhi, jua likiwa bado halijapanda, Siafu alikuwa ameshapiga magoti uani na mikono imezama kwenye povu. Mbele yake palikuwa na mabeseni mawili. La bluu lilikuwa la nguo za nyumba nzima: sare yake ya shule, magauni ya mama, suruali za baba na vinguo vya mdogo wake. Jekundu lilikuwa la kitu kimoja tu, nacho ni koti jeupe la baba.

Siafu halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na nesi mmoja aliyemchoma sindano ya chanjo akiwa mdogo, naye akamlipa papo hapo kwa kumng'ata kidole. Jina likamganda mpaka shuleni. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na hang'ati mtu tena, ila akishika kazi haiachi mpaka aimalize. Koti la baba lilikuwa kazi aliyoipenda kuliko zote. Alilisugua kola, akalisugua mifuko na mikono, akalitia bluu kidogo ya kufulia, kisha akalianika kwenye kamba ya upande wa barabarani ili kila anayepita alione. Jirani wengine walianika nguo tu. Nyumba yao ilianika chuo kikuu.

Baba yake alikuwa fundi wa maabara katika idara ya kilimo ya chuo kikuu, mahali ambapo watafiti walijaribu dawa za kuulia wadudu wa mazao. Yeye ndiye aliyepima, aliyechanganya, aliyeosha chupa na kuzibandika majina. Ni kazi ya heshima, wala haihitaji kutiwa chumvi. Mtaani wakaitia chumvi hata hivyo. Aliyeanza ni muuza mkaa, siku moja alipomwona baba akiteremka barabara na koti lake likipepea.

"Daktari, za kazi?" akamwita.

Siku hiyo baba alicheka. Kesho yake hakucheka, aliitika. Baada ya muda mtaa mzima ukawa unamwita Daktari, na wazee wakawa wanamsimamisha njiani kumwonyesha uvimbe wa magoti. Baba aliyatazama magoti yao, akatikisa kichwa kwa busara, akawashauri wanywe maji mengi. Hakumdanganya mtu kwa mdomo. Koti ndilo lililosema, yeye akaliacha liseme.

Chuoni kulikuwa na sheria, imeandikwa kwa herufi kubwa mlangoni: koti la maabara haliondoki maabara. Kila mfanyakazi alikuwa na ndoano yake ya kutundikia, na chini ya ngazi kulikuwa na chumba cha kufulia chenye mashine kubwa. Baba aliijua sheria hiyo kama anavyoujua mlango wenyewe.

"Ile mashine ni balaa," alimwambia mama. "Unapeleka koti jeupe, linarudi kama kitambaa cha kupigia deki. Siku nyingine linarudi la mwenzako, halikufiki hata kiunoni."

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishonea chumba cha mbele, mtoto akitambaa miguuni mwake kati ya vipande vya vitambaa. Hakuinua macho.

"Kwani unataka liwe jeupe kwa ajili ya nani?" aliuliza. "Wadudu?"

Baba aliona anaonewa. Mafundi wenzake nao walitoka na makoti yao, kwa nini yeye ndiye aulizwe? Kulikuwa na mzee mmoja, ofisa wa usalama kazini, aliyewahi kupita maabara zote akiwakumbusha watu kuvaa glavu, kutokula kwenye meza za kazi na kuacha makoti mlangoni. Walimpa jina la Mzee Glavu. Akiingia walivaa, akitoka walivua, kisha mmoja akamwigiza sauti na wote wakacheka. Siku hizi mzee alikuwa amepoa. Makoti yalipita getini mbele ya macho yake, naye akageukia upande wa pili.

Hata hivyo nyumbani baba alikuwa na sheria yake mwenyewe, na juu ya hiyo hakuwa na mzaha.

"Koti lifuliwe peke yake. Lisichanganywe na nguo nyingine yoyote. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba. Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

Siafu akajitafutia sababu mwenyewe, na aliipata bila shida. Koti lilikuwa safi, lilikuwa la chuo kikuu. Nguo zao zilikuwa za jasho, vumbi la barabarani na mkojo wa mtoto. Zikilala pamoja, zingelichafua. Aliona ni sababu nzuri sana, akailinda sheria hiyo kana kwamba aliitunga yeye.

Ijumaa moja baba alirudi bila kulivaa koti. Lilikuwa limekunjwakunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, na muuza mkaa alipomwita hakugeuka. Aliingia moja kwa moja bafuni akanawa mikono kwa muda mrefu. Alipotoka alimkabidhi Siafu ule mfuko.

"Kesho lisugue kweli kweli hili. Lina harufu kidogo."

"Harufu ya nini?"

"Ya kazi," alisema baba.

Jioni hiyo alipoinua kikombe, chai ilimwagikia kisahani. Mama aliitazama mikono yake.

"Hiyo mikono yako inazidi," alisema.

"Uchovu tu, mama watoto. Usinitazame kama mgonjwa."

Jumamosi ilipofika, bomba lilikuwa kavu. Maji yaliyokuwepo ni ya pipa, nayo hayakufika nusu. Mama alikuwa na rundo la nguo za wateja za kumaliza. Alitoa kichwa dirishani na pini mdomoni.

"Maji hayo uyatumie kwa akili," alimwambia Siafu. "Bomba litatoka lini hatujui."

Siafu naye alikuwa na haraka zake. Darasa lake lilikuwa na mechi ya netiboli, na wenzake walikuwa wameshapita kumwita. Akaanza na koti. Lilinuka kama vitunguu saumu vilivyoozea guniani, na harufu ikapanda na povu mpaka machoni. Kifuani lilikuwa na doa la rangi ya chai, refu, limeteremka hadi mfukoni. Alilisugua doa mpaka likaisha. Macho yalimtiririka machozi na kichwa kikaanza kumgonga, akadhani ni jua.

Alipolitoa koti, povu lilikuwa bado limejaa beseni, zito, lenye ubluu wa kupendeza. Alitazama beseni la nguo za nyumbani lililokuwa halijatiwa hata tone. Akatazama pipa. Povu lote lile limwagwe mtaroni? Sheria ilikuwa kwamba nguo zisilichafue koti, na koti lilikuwa limeshatoka. Maji yale yalikuwa yamefua kitu cha chuo kikuu. Bila shaka yalikuwa maji safi kuliko yote waliyokuwa nayo uani pale.

Akavitumbukiza vinguo vya mdogo wake: fulana, vikaptula, na ile shali ya sufu ambayo mtoto hakulala bila kuitafuna pembe. Mdogo wake alikuwa na mashavu mawili ya kubonyeza na mapaja yenye mikunjo, na nyumba nzima ilimwita Bonge.

"Leo na wewe Bonge utakuwa profesa," alisema Siafu akivisugua.

Alivisuuza mara moja tu, kwa maji kidogo, akavianika, akakimbia. Kwenye mechi alikosa mipira ya wazi. Alitoka nje ya uwanja akatapika kwenye majani, na wenzake wakamcheka kwamba ameshiba kupita kiasi. Akacheka nao.

Jioni mama alikuwa akikunja nguo kitandani. Aliinua ile shali, akainusa, akakunja uso.

"Hii inanuka nini? Uliifua wapi?"

"Kwenye beseni la bluu, mama."

Baba alikuwa amekaa mlangoni. Aligeuka haraka.

"Na koti? Ulilifua peke yake?"

Siafu aliona uso wa baba, akaona na koti kwenye kamba, jeupe kuliko wiki zote. Kwa nini aharibu? Kitu kilikuwa kimeshatakata.

"Peke yake," alisema.

Baba alishusha pumzi ndefu. Siafu akafurahi, akidhani amefurahia weupe wa koti lake.

Usiku Bonge alilala na shali yake mdomoni kama kawaida. Asubuhi ya Jumapili hakuwaamsha kwa kelele zake. Mama ndiye aliyeamka, akamwinua, kisha akamwita baba kwa sauti ambayo Siafu hakuwahi kuisikia ikitoka kwa mama. Mtoto alikuwa ameloa jasho. Mate yalimtiririka mpaka kifuani bila kukatika, alipumua kwa kukoroma, na shingo yake haikukaa. Mama alimwekea kidole kwenye kiganja, naye hakukikamata.

"Twende hospitali," alisema baba.

Alimfunika mtoto kwa ile shali, akamchukua mikononi. Akafika mlangoni, akarudi. Alikwenda kwenye kamba akalivuta koti, akalivaa.

"Nikiingia nalo hawatatuweka foleni," alisema.

Na kweli hawakuwekwa. Mlinzi aliliona koti akafungua geti. Watu waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi tangu alfajiri, wengine wakiwa na watoto wao mapajani, walirudisha magoti nyuma kumpisha. "Pita, daktari," mama mmoja alisema. Baba akapita kifua mbele, Bonge akiwa amemkandamiza kwenye kifua hichohicho.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke kijana. Koti lake mwenyewe lilikuwa na doa la chai mfukoni na wala hakujali. Alimlaza mtoto, akammulika machoni kwa tochi ndogo. Mboni za Bonge zilikuwa zimesinyaa mpaka zikawa kama ncha ya kalamu.

"Amekula nini?" aliuliza.

"Maziwa yangu," alisema mama. "Na uji jana mchana."

"Nyumbani mna dawa ya mende? Ya panya? Kuna aliyepuliza dawa ya mbu?"

"Hatuna, daktari. Naapa. Hata ya mende hatuna."

Daktari alimgeukia baba, akalitazama koti.

"Wewe ni mwenzetu?"

"Niko chuo kikuu," alisema baba. "Mambo ya utafiti."

"Basi utanielewa haraka. Huyu mtoto ana sumu mwilini. Sumu ziko nyingi, na dawa ya hii siyo ya ile. Nikibahatisha naweza kummaliza mimi mwenyewe. Ameshika nini? Amelamba nini?"

Siafu alikuwa amesimama ukutani, akimtazama baba. Aliyaona macho ya baba yakitua juu ya shali, yakahama haraka, yakatua juu ya kifua cha koti lake, pale palipokuwa na doa.

"Sijui," alisema baba.

Ndipo Siafu alipoelewa. Alikuwa ameambiwa koti lifuliwe peke yake, na mwaka mzima alidhani analilinda koti. Jana baba aliposhusha pumzi hakuwa anafikiria weupe. Sheria ile ilikuwa ya kuwalinda wao. Ilikuwa ya kumlinda Bonge.

Alitaka mtu mwingine aseme. Alimtazama baba tena, akangoja, kwa sababu baba ni mtu mzima na watu wazima ndio husema mambo makubwa. Baba alikuwa anatazama sakafu. Bonge alikoroma, akanyamaza, akakoroma tena, na katikati palikuwa na kimya kirefu.

"Nilidanganya," alisema Siafu.

Wote wakamgeukia. Sauti yake ilitoka nyembamba, lakini ilitoka.

"Sikufulia kwenye beseni la bluu. Nilifua nguo za Bonge kwenye maji ya koti la baba. Hata hiyo shali. Koti lilikuwa na doa, linanuka vitunguu saumu vilivyooza. Nilitapika."

Daktari hakumgombeza. Alivaa glavu, akainua pembe ya shali, akainusa kwa mbali. Kisha akamtazama baba, na safari hii hakumwita mwenzetu.

"Hili koti limetoka wapi?"

"Maabara ya kilimo."

"Lilimwagikiwa nini?"

Baba aliweka kiganja juu ya pale palipokuwa na doa.

"Baba, mtoto hana muda wa kukusubiri. Lilimwagikiwa nini?"

Ndipo baba akasema. Kifuniko cha chupa hakikuwa kimekaza, dawa ikamteremka kifuani. Ilikuwa ya kuulia wadudu wa pamba, kali, haijatiwa maji. Alijifuta kwa karatasi. Hakumwambia mkuu wa maabara, maana angeulizwa kwa nini hakuvaa aproni ya mpira. Jina la dawa lilikuwa refu, akalitamka taratibu, na daktari akawa analirudia kwa nesi kabla hajamaliza.

"Vua hilo koti," daktari alimwambia. "Sasa hivi. Umemkumbatia mtoto nalo njia nzima."

Daktari na nesi walimvua Bonge nguo zote, wakalichukua na koti la baba, wakavifunga kwenye mfuko. Walimwogesha mtoto kwa sabuni na maji mengi, wakamchoma sindano, wakangoja, wakamchoma nyingine, mpaka mate yakaanza kukatika. Siafu naye aliogeshwa na kuchomwa sindano. Hakumng'ata mtu. Alilala kitanda cha pembeni akihesabu pumzi za mdogo wake, na kila ilipochelewa alishika pumzi yake mwenyewe.

Mama alikaa kwenye kiti katikati ya vitanda viwili. Baba aliposogea kumshika bega, alilihamisha bega.

"Ulimuuliza mtoto kama koti alilifua peke yake," alimwambia bila kumtazama. "Hukuniambia umeleta nini."

Bonge hakufa. Siku iliyofuata alilia, kilio kikavu kama cha mtoto wa paka, na wagonjwa wa wodi nzima wakashukuru. Lakini alirudi nyumbani si Bonge yule. Mikunjo ya mapaja ilikuwa imeisha, na kabla ya hapo alikuwa ameshaanza kusimama akishikilia kiti cha cherehani. Sasa hata kutambaa alikuwa amesahau, ikabidi aanze upya. Daktari alisema atajifunza tena. Alisema pia wamrudishe mara kwa mara, na hakusema mpaka lini.

Kisha alimwita baba ofisini, naye Siafu akiwa mlangoni akasikia yote.

"Mikono yako inatetemeka tangu lini?"

"Muda kidogo. Ni uchovu."

"Siyo uchovu. Damu tuliyokupima inaonyesha unaingiwa na hii sumu kwa muda mrefu, kidogo kidogo. Unaishika bila glavu?"

"Glavu zinateleza," alisema baba. "Ukishika chupa ndogo huisikii vizuri."

"Sasa hata bila glavu huisikii," alisema daktari. "Usirudi kwenye kazi hiyo. Mikono inaweza kupata nafuu. Kupona kabisa, sikuahidi."

Mkuu wa maabara alikuja nyumbani akiwa na Mzee Glavu. Mkuu alikaa ukingoni mwa kiti, akauliza kama baba aliisoma sheria ya mlangoni. Baba alisema aliisoma. Aliuliza kama alitoa taarifa dawa ilipomwagika. Baba alisema hakutoa. Mkuu akaonekana amepata nafuu, kana kwamba alikuja kuchukua majibu hayo mawili tu.

"Basi unaona mwenyewe," alisema. "Chuo kilikuonya."

Mzee Glavu alikuwa anamtazama Bonge, aliyelazwa kwenye mkeka akijaribu kugeuka na kushindwa.

"Na mimi nitajwe," alisema mzee. "Nilikuwa nayaona makoti yanatoka getini kila Ijumaa. Nilichoka kuchekwa, nikageuza shingo. Na wewe, mkuu, nilikwambia mashine ya kufulia ni mbovu, ukasema isubiri. Tusimwachie huyu peke yake."

Mkuu alikohoa, akaaga. Lakini maneno ya mzee yalimfuata mpaka chuoni, maana wafanyakazi wote waliitwa kupimwa, na familia zao. Mafundi wengine wawili walikutwa na sumu mwilini, na mke wa mmoja wao pia, aliyekuwa akimfulia. Ndipo mashine mpya ikaletwa. Ilichukua siku chache tu kuifunga, kitu kilichokuwa kinasubiri miaka. Makoti yakabaki kwenye ndoano, Mzee Glavu akasimama getini akikagua, na hakuna aliyemwigiza sauti.

Baba alihamishiwa bohari, kutunza viti, karatasi na balbu. Siku ya kwanza alirudi akiwa na shati la kawaida. Muuza mkaa alimwona.

"Daktari, mtoto anaendeleaje?"

Baba alisimama. "Mimi si daktari," alisema. "Sikuwa daktari hata siku moja. Nilikuwa fundi wa maabara."

Muuza mkaa alicheka kidogo, akidhani ni utani. Alipoona si utani aliendelea kuchambua mkaa wake. Baada ya hapo wazee hawakumsimamisha tena baba kumwonyesha magoti, na wapo waliomcheka kisogoni. Aliwasikia.

Jumamosi moja Siafu alikuwa uani na beseni moja tu, lile la bluu. Jekundu lilichukuliwa pamoja na koti na shali, vikaenda kuteketezwa. Baba alitoka akasema atamsaidia kuanika. Alichukua fulana ya Bonge, akaiweka kwenye kamba, akajaribu kuibana. Kibanio kilimponyoka. Akakiokota, kikamponyoka tena.

Siafu alikuwa na swali ambalo alilibeba tangu hospitali. Aliogopa kuliuliza, akapiga moyo konde.

"Baba, mimi nisingesema, wewe ungesema?"

Mlio wa cherehani ya mama chumbani ulinyamaza.

"Ningependa kukwambia ndiyo," alisema baba. "Lakini ulinisikia. Daktari aliniuliza na mtoto wangu anakata roho, nikasema sijui. Nilikuwa nangoja. Sijui nilikuwa nangoja nini. Nilikuwa nimevaa lile koti watu wananipisha njia, nikashindwa kusema kwamba ndilo lililomuua."

"Hakufa, baba."

"Hakufa kwa sababu ulisema wewe."

Siafu alikamua gauni. Alitaka kufurahi kwa maneno hayo, furaha haikuja.

"Lakini mimi ndiye niliyemfulia," alisema. "Na nikadanganya."

"Ndiyo," alisema baba, wala hakumpunguzia. "Jumamosi ulidanganya, Jumapili ukasema kweli, na katikati ya siku hizo mbili mdogo wako nusura afe. Usisahau hata moja kati ya hizo. Ila sikiliza na sehemu yangu, kwa sababu ni kubwa kuliko yako. Kitu chenye sumu kazini kibaki kazini, hata kikiwa kinapendeza vipi. Kikikumwagikia, kivue na useme palepale, hata kama utagombezwa. Kugombezwa kunaisha. Na mtu akikupa sheria, muulize sababu. Akikwambia kwa sababu nimesema, muulize tena. Wewe uliniuliza, mwanangu. Jibu nilikuwa nalo. Niliona aibu kukwambia kwamba naleta sumu nyumbani ili muuza mkaa aniite daktari."

Mama alikuwa amesimama dirishani na Bonge begani. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alimtazama baba usoni, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Baba aliinama kukiokota kibanio. Vidole vilikipapasa chini, vikakikosa. Siafu alikiokota, akamwekea katikati ya kidole gumba na cha shahada, akamshikia fulana kwenye kamba. Akasubiri mpaka baba alipofanikiwa kuibana.